Telomia fupi ndo zinaleta kansa ya ukoo au ndefu? Mama anataka kununua unga wa kuzirefusha

Binti wa Nkuhungu

Habari za jioni wakuu. Wenye uelewa wa mambo ya vinasaba naomba mnisaidie maana hapa nyumbani kuna ubishi haujaisha tangu Jumapili.

Kwetu upande wa baba kansa imepita. Mzee alifariki kwa kansa ya figo, na sasa hivi shangazi, mdogo wake baba, anatibiwa kansa ya titi pale hospitali ya Ocean Road, anapanda SGR anashuka Dar anarudi, ndo maisha yake. Sasa mama kaalikwa semina kwenye ukumbi mmoja huku mjini, wale watu wa afya wa kuunganishana, ukileta watu unapata pointi. Wakaonyeshwa video ya kromosomu zinavyoliwa kwenye ncha, wakaambiwa hizo ncha ndo telomia, na kansa ya ukoo ni kurithi telomia fupi, na wao wana unga wa kuzirefusha, unakoroga na maji ya vuguvugu asubuhi. Kopo laki na themanini na dozi ni makopo matatu. Kopo la sampo nimelishika mwenyewe: mbele picha ya mzee anakimbia ufukweni, nyuma kwa herufi za kutafuta na tochi ya simu wameandika kwamba bidhaa haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote.

Mdogo wangu yuko UDOM, yeye anasema alichosoma ni kinyume kabisa, waliozaliwa na telomia ndefu ndo wako kwenye hatari zaidi ya baadhi ya kansa. Mama kamwambia anabisha kwa sababu anaogopa ada yake itanunua unga 😂

Sasa nani yuko sahihi? Na kama telomia zinarithiwa kweli, sisi watoto tufanyeje? Asanteni.

Mzee wa Zabibu

Ngoja waje wataalamu, mi nakaa pembeni na karanga zangu.

Afya Kwanza Dodoma

Msipotoshe watu humu. Telomia fupi ni uzee na uzee ndo unaleta kansa, hesabu rahisi tu. Waliogundua hii kitu walipewa Nobel 2009, sasa wewe na mdogo wako wa UDOM mnabishana na Nobel? Mama yuko sahihi kulinda familia. Anayetaka maelezo zaidi aje PM.

Labu Makole

Dada pole kwa msiba wa mzee na pole kwa shangazi.

Mdogo wako yuko sahihi, ila na yeye asije akamtisha mama kwa upande wa pili maana hii ishu ina pande mbili na wauzaji wanasimulia mmoja tu. Nitaandika ndefu kidogo mnivumilie.

Seli ya mwili ina kromosomu 46, yaani zile nyuzi zinazobeba DNA, kila moja ina ncha mbili, kwa hiyo ncha 92. Kwenye kila ncha kuna herufi za DNA TTAGGG zimejirudia mara nyingi sana, hiyo ndo telomia. Ile kamba ya manila ukiikata unaichoma ncha na kiberiti isifumuke, basi telomia inafanya kazi hiyohiyo kwa kromosomu. Mtoto anazaliwa na urefu wa kama herufi elfu kumi hivi, halafu seli ikigawanyika kinapotea kipande, herufi 50 mpaka 100, ikigawanyika tena kinapotea kingine, mpaka zinafupika kiasi kwamba seli inastuka, protini za ulinzi kama p53 zinaingia kazini na seli inagoma kugawanyika. Leonard Hayflick aliliona hilo 1961 kabla sababu haijajulikana, alikuwa analea seli za binadamu maabara, zikigawanyika kama mara 50 hivi zinagoma.

Sasa kansa inataka nini? Inataka seli igawanyike sana na ikusanye makosa kwenye DNA, kosa hili leo lingine miaka kumi ijayo, mpaka yatimie ya kutosha. Kule kugoma ndo kunakoikatisha njiani. Mtu aliyerithi telomia ndefu seli zake zina nafasi ya kugawanyika mara nyingi zaidi kabla hazijagoma, na hiyo ni nzuri kwa moyo na mapafu yake, ila seli iliyokwisha kuharibika nayo inapewa nafasi hiyohiyo, haibaguliwi. Hapo ndo hatari inapoingia.

Halafu angalia kansa yenyewe ikishakomaa inafanya nini. Kati ya uvimbe 100 wa kansa, 85 mpaka 90 unakuta umewasha telomerasi, yaani kile kimeng'enya kinachorudishia ncha zilizokatika, ambacho kwenye seli nyingi za mtu mzima kimezimwa. Kwa hiyo huo unga wa laki na themanini, kama haufanyi kitu mama kaibiwa, na kama unafanya kweli wanachosema mi ndo ningeogopa zaidi.

Na Afya Kwanza, hiyo Nobel ya 2009 ya Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak ilikuwa ya kuonyesha jinsi telomia na telomerasi zinavyolinda kromosomu. Telomerasi yenyewe waliipata kwenye kiumbe cha seli moja kinachoishi kwenye madimbwi. Hakuna aliyepewa Nobel kwa unga.

Afya Kwanza Dodoma

Zipo tafiti kibao wagonjwa wa kansa wamepimwa wakakutwa na telomia fupi. Hizo nazo unazikataa?

Labu Makole

Sizikatai, zipo na si za uongo. Shida ni lini damu ilichukuliwa.

Nyingi za mwanzo mwanzo zilichukua watu walioshapata kansa, wengine wameshaanza dawa, wakalinganishwa na watu wazima wa afya. Sasa mgonjwa wa kansa mwili uko vitani, kakonda, kinga imewaka mwili mzima, kapigwa dawa za kuua seli, uboho unahangaika kutengeneza damu mpya kila siku, na kila damu mpya ni kugawanyika na kila kugawanyika ni kufupika. Ukimpima wakati huo lazima ukute fupi. Ugonjwa umefupisha telomia, halafu mtu anasoma kinyumenyume anasema telomia fupi zimeleta ugonjwa. Ongeza na umri, ongeza na sigara, hivyo vyote vinafupisha, na vyote vinaleta kansa kwa njia zao wenyewe bila kupitia telomia.

Watafiti wakatafuta njia ya kulikwepa hilo, na mi nadhani ni njia ya akili sana. Urefu wa telomia kwa sehemu kubwa ni wa kurithi, na kuna sehemu kwenye jeni zinajulikana kwamba ukiwa na herufi hii badala ya ile unazaliwa na ncha ndefu kidogo. Hizo herufi unapewa siku mimba inatungwa. Sigara haizibadilishi, kansa haizibadilishi, dawa hazizibadilishi. Kwa hiyo badala ya kupima urefu wenyewe kwenye damu unaangalia waliozaliwa na zile herufi za kurefusha, kisha unauliza, hawa wamepata kansa zaidi au pungufu?

Mwaka 2017 ilitoka kazi kubwa ya namna hiyo kwenye jarida la JAMA Oncology, walikusanya data za wagonjwa 420,081 na watu wa kulinganisha zaidi ya milioni moja, kansa aina 35 na magonjwa mengine 48. Waliorithi telomia ndefu ndo walikuwa na hatari kubwa zaidi: glioma ya ubongo mara tano na kidogo, aina moja ya kansa ya mapafu inayoitwa adenokasinoma mara tatu, melanoma, ile kansa ya ngozi, karibu mara mbili, figo kama mara moja na nusu. Lakini hapohapo waliorithi ndefu walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa mishipa ya moyo, na ugonjwa wa makovu kwenye mapafu ulishuka vibaya mno, ikawa chini ya sehemu moja ya kumi.

Kwa hiyo ukirithi ndefu umepona huku umeponzeka kule. Ukirithi fupi vilevile.

Na mara tano isikutoe jasho, glioma ni nadra, kule Marekani ni kama watu sita kwa laki moja kwa mwaka, kwa hiyo hata ukizidisha bado walio wengi sana hawapati.

Mtu wa Chemba

Mbukwa wakuu. Uzi mzuri huu.

Nimewahi kusoma mahali kwamba Waafrika tuna telomia ndefu kuliko Wazungu, ni kweli? Kama ni kweli basi tungekuwa tunakufa na hizo melanoma kila kijiji, na mi hapa Farkwa sijawahi kusikia mtu ana melanoma. Na lingine, babu yangu alimzaa baba mdogo wetu wa mwisho akiwa na miaka sabini na kitu, mwenyewe anajisifu mpaka leo, je hiyo inaathiri telomia ya mtoto?

Labu Makole

Mbukwenyi mkuu. La babu kwanza maana limenifurahisha. Inaathiri. Watoto wa baba aliyezaa ukubwani kwa wastani wana telomia ndefu kidogo, kwa sababu kwenye korodani telomerasi haijazimwa na ncha za mbegu za kiume zinarefuka kadiri baba anavyozeeka. Sehemu nyingine za mwili zinafupika, kule zinarefuka. Mwambie baba mdogo amshukuru mzee, au amlaumu, ni juu yake.

La Waafrika, kwa wastani ndiyo, ni ndefu kuliko za Wazungu, na sehemu ya tofauti hiyo ni ya jeni. Ila hatuko sare sisi wenyewe. Mwaka 2024 kundi la Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilitoa kazi ya watu zaidi ya 1,800 kutoka Tanzania, Botswana, Ethiopia na Cameroon, na telomia za makabila zilitofautiana sana, na kwenye maeneo yenye malaria nyingi zilikuwa fupi zaidi. Huyo mama ndo yuleyule ambaye miaka ya nyuma alifanya kazi ya vinasaba na Wasandawe wa huko kwenu na Wahadzabe wa Eyasi.

Sasa usichukue wastani wa bara zima ukatabiri nao kansa. Melanoma kwa sehemu kubwa ni jua kwenye ngozi isiyo na rangi ya kujikinga, ngozi nyeusi inakingwa hata kama telomia zake ni ndefu. Wenzetu wenye ualbino wanaoumia na jua kali la huku kwetu, kansa zao nyingi si melanoma, ni zile za tabaka la juu la ngozi. Na kansa inayoongoza kwa wanawake nchini ni ya mlango wa kizazi ambayo chanzo chake ni kirusi cha HPV, huyo kirusi haulizi telomia zako. Urefu wa telomia ni kitu kidogo kinachosogeza mzani, vitu vikubwa viko nje.

Mkulima Kongwa

Hapo kwenye vitu vikubwa ngoja niingie. Watu wanatoa laki tano na arobaini kwa unga wa telomia halafu nyumbani wanakula mahindi yenye ukungu. 2016 huku Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, mahindi yalikuwa yanaonekana ya kawaida tu ukiyatazama kwa haraka, ukipasua punje unakuta kijivu kijani ndani. Na hiyo sumukuvu ukiila kidogo kidogo miaka mingi, na hasa kama una homa ya ini B, ndo kansa ya ini hiyo. Mi msimu huu nimenunua turubai mbili, mahindi na karanga hazigusi chini, nakausha mpaka punje ukiing'ata inalia ka! ndo naingiza kwenye mifuko ile isiyopitisha hewa. Hazifiki hata bei ya kopo moja.

Samahani kwa kutoka nje ya mada.

Mzee wa Zabibu

Mkulima karanga zangu umenikatia hamu 😭 ngoja nizikague.

Binti wa Nkuhungu

Asanteni sana jamani, hasa Labu Makole, mama nimemsomea yote, amekaa kimya kwanza halafu akauliza maswali mawili ambayo hata mi sina jibu. Moja, mzee alikuwa na figo, na figo imo kwenye orodha ya telomia ndefu, sasa ina maana mzee alikuwa nazo ndefu na sisi tumerithi? La pili, kuna kipimo? Tukapime tujue moja.

Labu Makole

Kwa mtu mmoja huwezi kurudi nyuma ukasema. Kansa ya figo ina sigara, ina presha, ina unene, mara moja na nusu ya telomia inapotea humo ndani. Na kwenye kansa ya titi uhusiano na telomia ulikuwa dhaifu tu, kwa hiyo kuunganisha la mzee na la shangazi kwa uzi wa telomia mi sioni.

Kipimo kipo na kisicho na maana nacho kipo. Vile vifaa vya kujipima vya kuagiza onlaini unatuma mate unaletewa "umri wa seli", ukirudia mwezi ujao unaweza kupata umri mwingine, mi siwezi kumshauri mtu. Kipimo kinachoaminika hospitalini kinaitwa flow-FISH, kinataka damu mbichi na mashine ya kuhesabu seli moja moja kwa rangi zinazong'aa, na hata huko nje hakipimwi kwa kila mtu, kinapimwa kwa mgonjwa ambaye daktari ana sababu.

Sababu zenyewe ni zipi. Kuna familia zilizorithi hitilafu kubwa, si herufi ndogo ndogo nilizosema juu. Upande wa fupi, jeni za telomerasi kama TERT, TERC au DKC1 zimeharibika: utaona watu wanaota mvi wakiwa vijana kabisa, kucha zinachakaa, utando mweupe mdomoni, uboho unashindwa kutoa damu, mapafu yanajaa makovu. Hao nao wanapata kansa, hasa za damu na za mdomo na ulimi, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani uliotoka 2023 unaonyesha hizo za mdomo zinakuja zaidi kwa sababu kinga yao imedhoofika, zile seli T zimeisha nguvu, kuliko kwa sababu ya kromosomu kuvunjika.

Upande wa ndefu kuna jeni inaitwa POT1. Protini yake inakaa kwenye ncha na kuizuia telomerasi isirefushe kupita kiasi, ikiharibika breki imeondoka. 2014 ilikutwa kwenye familia zenye melanoma nyingi, halafu 2023 kundi la Mary Armanios hukohuko Hopkins likafuatilia watu 17 wenye hitilafu hiyo, ncha zao ndefu mno na hazipungui na umri kama inavyotarajiwa, wana uvimbe wa aina nyingi wa kawaida na wa kansa, na kwenye damu unakuta seli nyingi zimetokana na seli moja iliyojizalisha miaka mingi bila kugoma. Hao ndo mfano hai kwamba kutokuzeeka kwa seli si zawadi. Familia za namna hiyo ni chache sana, na ulivyoeleza kwenu sioni dalili zake.

Nesi wa Ihumwa

Dada, ngoja niongezee la shangazi maana naona limepitwa na mi ndo naliona la muhimu kuliko telomia zote.

Aligundulika akiwa na umri gani? Kuna jeni BRCA1 na BRCA2 zinazoongeza hatari ya kansa ya titi na ya ovari kwa kiasi kikubwa, na watu wanadhani zinapita kwa mama tu, hapana, baba anaweza kuwa nayo yeye asiugue titi akawapa mabinti zake. Nyie ni watoto wa kaka yake huyo shangazi, kwa hiyo swali linawahusu moja kwa moja.

Binti wa Nkuhungu

Alikuwa na 41. Sasa ana 43.

Nesi wa Ihumwa

Basi usiliache hivihivi. Chini ya hamsini ni umri ambao daktari anatakiwa ajue kuhusu ndugu wote. Usiogope, wanawake wengi wanaopata titi mapema hawana BRCA, lakini lazima liulizwe.

Tafuta karatasi ya patholojia, ile ya kinyama kilichokatwa. Angalia kama wameandika ER, PR na HER2, hizo ni alama zinazopimwa kwenye seli za kansa ya titi. Kama zote tatu ni hasi, uzito wa kuuliza habari ya BRCA unaongezeka. Siku shangazi anaenda kliniki yake, aandamane na mmoja wenu, mumuulize daktari wake mbele yake: kwa historia hii mabinti waanze kuchunguzwa wakiwa na umri gani na kwa kipimo gani. Mweleze na la baba, umri aliougua na aina yake, hata kama halihusiani yeye ndo wa kusema. Na kama kuna mwanamke yeyote ukoo huo aliyewahi kuambiwa ana uvimbe wa ovari, hata bibi wa zamani ambaye mnasema tu alivimba tumbo, liandikeni.

Wewe na dada zako wakati mnasubiri hayo nendeni mkapapaswe matiti na mtu aliyesomea, kituo chochote cha afya, na mlango wa kizazi wawaangalie siku hiyohiyo.

Binti wa Nkuhungu

Nimekuelewa dada nesi. Karatasi zote ziko kwa binamu yangu Kibaigwa, nampigia asubuhi anipige picha. Kuna bibi mmoja kweli, dada yake babu, alivimba tumbo, mama ndo kanikumbusha sasa hivi.

Nesi wa Ihumwa

Huyo muandike wa kwanza.